Godauni la fenicha za mtumba Kinondoni: nyota nne, ila nenda na tochi

Nilisema siku nyingi ntaandika kuhusu hili godauni, leo acha niandike maana watu watatu wameshaniuliza lile sofa la kijivu nimelitoa wapi. Nimelitoa Kinondoni, unaingia ndani kidogo kutoka barabarani, bango hakuna, utaona makabati mawili yamewekwa nje na mzee kakaa kwenye kiti cha ofisi kisicho na mgongo. Wanauza vitu vya watu wanaohama na vya maofisi yaliyofungwa, sofa, vitanda, friji, meza za kulia, mashine za kufulia, yaani vimerundikana mpaka unapita kiubavu.

Ila kabla sijawasifia niwaambie nilikotoka. Mwaka jana nilinasa kwa dalali mmoja wa mtandaoni aliyekuwa anauza sofa, picha kali, bei tamu, "limetumika miezi mitatu tu dada, mwenyewe anahama kesho". Nikaenda saa mbili usiku, taa hafifu, nikaangalia kama kitambaa hakijachanika, nikalikalia, nikatoa laki 3 yangu, nikapakia kirikuu. Wiki ya pili nina vipele mkononi vimepangana mstari, mume wangu hana hata kimoja, ananiambia hao mbu, badilisha neti. Nikabadilisha neti jamani! Kumbe kunguni anamng'ata kila mtu ila kuna watu ngozi yao haioneshi chochote, kwahiyo na yeye alikuwa analiwa kimya kimya huku ananicheka. Tulikuja kujua siku mtoto kadondosha rimoti kwenye maungio ya sofa, naingiza mkono kuitoa, natoka na kitu kinatembea.

Hesabu yake sasa. Kupiga dawa 90,000, mara mbili, kwa sababu dawa haiyawezi mayai vizuri, na yai la kunguni kwa joto letu linatotoa ndani ya wiki mpaka siku kumi hivi, kwahiyo lazima warudi wawamalize watoto kabla hawajakua nao wakaanza kutaga. Mapazia, mashuka, foronya vyote nimechemsha. Na aibu juu, mgeni akipiga simu anakuja unajifanya uko safari. Watu wakisikia kunguni wanakuona mchafu wakati mdudu mwenyewe hana habari na uchafu, anatafuta damu tu, Paris kwenyewe 2023 watu walikuwa wanasimama kwenye treni wanaogopa siti.

Basi nafika godauni nina hasira za mwaka mzima. Shikamoo mzee, marahaba binti, karibu uangalie. Nikamwambia mimi siangalii hivi hivi, nataka sofa ligeuzwe miguu juu. Nilijua atanuna. Akaita vijana wawili, wakaligeuza, akaniambia ukitaka na hicho kitambaa cha chini toa pini upande mmoja, fundi atarudishia. Hapo hapo nikampa nyota zake tatu moyoni, kwa sababu yule dalali wangu hata mto alikuwa hataki niuinue.

Kile kitambaa cheusi cha chini ndio nyumba yao, wengi wanakagua juu tu wanakokalia makalio. Nilitoa pini nikamulika na tochi ya simu kwenye kona za mbao, kwenye matundu ya skurubu, halafu nikapitisha kadi ya benki ya zamani kwenye mishono yote taratibu, kama kuna mtu ndani anatoka. Unachotafuta ni vidoti vyeusi kama wino wa kalamu umegusa kitambaa, vimaganda vyembamba vya kahawia, na mayai meupe madogo kuliko punje ya mchele. Kunguni mkubwa mwenyewe ni kama mbegu ya papai iliyobanwa ikawa bapa, wadogo wanakaribia rangi ya ngozi ndio maana unawapita. Na sofa likinukia pafyumu kali mimi naondoka, nani anapulizia sofa pafyumu bila sababu.

Kijana mmoja akanituliza, dada hili limekaa stoo miezi miwili, kama walikuwepo wameshakufa njaa. Hapana kaka, kunguni anakaa miezi bila kula, anakusubiri. Na lile la kuanika juani nalo nimeshalisikia mpaka kwa mama mkwe, jua la Dar kali kweli ila ndani ya sofa joto halifiki, mdudu anahamia upande wa kivuli, anataka joto kama la nyuzi 50 kwenda juu ndio afe haraka. Kitanda cha chuma ndio raha, unamimina maji yanayochemka kwenye maungio kimeisha. Mafuta ya taa msijaribu, utalala juu ya kiberiti.

Sofa lilikuwa safi. Alianzia 350,000 tukaishia 280,000. Sikuliingiza ndani moja kwa moja, lilikaa wiki mbili barazani limefungwa nailoni, majirani wakasema nimechanganyikiwa, halafu nikamwita fundi akatoa kile kitambaa cheusi akaweka cheupe, ili kidoti chochote kikitokea nikione. Mwezi wa nne huu, bado cheupe.

Sasa nyota niliyokata. Kwanza usafiri wao. Kirikuu imekuja kunibebea, ndani kuna magodoro ya mtu mwingine mawili yamelala wazi, wanataka sofa langu likae juu yake! Yaani nimekagua saa nzima halafu nikawabebe njiani. Nilikataa, nikatafuta gari tupu mwenyewe mpaka Tabata kwa 25,000. Pili ni friji. Kwenye sofa wako makini, kwenye vitu vya umeme hovyo. Nilizungusha friji moja nikamulika nyuma kwenye mota, pale panapokuwa na joto, pamejaa uchafu kama unga wa kahawa, hiyo ni kinyesi cha mende, wale wadogo wa kahawia wenye mistari miwili mgongoni. Wale ni hatari kuliko mende wakubwa wa chooni, jike anatembea na kifuko chake nyuma na kifuko kimoja kina mayai 30 mpaka 40, sasa wewe peleka friji hilo jikoni kwako. Kwenye maikrowevu ndio nilicheka, wameichomeka umeme kunionesha inawaka, saa ikawaka, mende akapita nyuma ya namba taratibu kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kijana anasema huyo kaingia sasa hivi dada.

Magodoro pia wanauza, sikuuliza hata bei, la mtumba silali hata kwa bure.

Nenda asubuhi, mchana kuna joto ndani hutakagua vizuri, na vijana wa kugeuza wanakuwa wameenda kula. Ukifika utaliona kabati la vyombo limesimama kulia kwako, zuri sana, mzee anataka laki 4 anasema ni mninga. Mlango wake wa kushoto una vitundu vya sindano na chini yake kuna unga laini, nilipoufuta asubuhi nikapita tena mchana ulikuwa umeshaanguka mwingine, bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, wako kazini. Mninga gani unaliwa hivyo.