De La Soul au A Tribe Called Quest: uanze na albamu ipi?

Makundi haya mawili yalikuwa ndani ya Native Tongues, umoja wa marapa wa New York waliotaka hip-hop iwe na nafasi ya utani, mapenzi na jazi. Lakini "3 Feet High and Rising" ya De La Soul (1989) na "The Low End Theory" ya A Tribe Called Quest (1991) zimepita njia tofauti kabisa, na sababu ni jinsi biti zake zilivyojengwa.

Prodyuza Prince Paul na De La waliokota sauti popote. "Eye Know" peke yake imebeba kipande cha bendi ya Steely Dan na mluzi wa mwimbaji Otis Redding. Utamu wa albamu uko hapo, na balaa lake pia. Kipande cha bendi ya The Turtles kwenye "Transmitting Live from Mars", wimbo wa dakika moja hivi, kilizua kesi iliyomalizwa nje ya mahakama, na kampuni za muziki zikaanza kuogopa sampo (vipande vya rekodi za wengine) zisizolipiwa. Albamu yenyewe ilikwama kwenye mvutano wa haki, ikafika kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni Machi 2023, wiki chache baada ya Trugoy, rapa wa De La, kufariki. Vijana wengi waliikosa kwa miaka yote hiyo.

Tribe walipunguza vitu, wakaacha besi na ngoma zibebe wimbo. Besi ya "Excursions" imetoka kwa mpiga ngoma wa jazi Art Blakey, ikiwa ya mapigo matatu. Q-Tip, rapa wa Tribe, aliirefusha ikae kwenye manne. Kwenye "Verses from the Abstract" wakamleta mpiga besi wa jazi Ron Carter mwenyewe apige. Na rapa mwenzake Phife Dawg, aliyesikika kwa nadra kwenye albamu yao ya kwanza, hapa anatawala "Buggin' Out". Udhaifu upo: "The Infamous Date Rape" inagusa jambo zito kijuujuu.

Zote mbili zimo kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mimi ningeanza na Tribe, ila si kwa spika ya simu: besi itapotea na wimbo utabaki mifupa. Ukihamia De La, vile vichekesho vya shindano la maswali kati ya nyimbo huchosha ukishavisikia mara mbili. Viruke, lakini "The Magic Number" na "Potholes in My Lawn" usiziruke.