Drili ya shilingi 230,000: mwaka mmoja mikononi mwangu

Naanza na bei kwa sababu najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 230,000 za Uganda, sanduku zima, Nabugabo jijini Kampala, mwezi wa nane mwaka jana. Muuzaji alianzia 280,000. Ndani mlikuwa na drili ya umeme ya wati 650 yenye swichi ya nyundo, biti za kutobolea kumi na mbili, nyundo, plaizi, bisibisi mbili, tepu ya kupimia ya mita 3, pimamaji ndogo, kisu, glavu, na pakiti ya vile vijiti vya plastiki vya kuingiza ukutani ambavyo mafundi huviita fisha. Jina la kampuni siliandiki. Sokoni kuna masanduku ya namna hii yenye majina mengi na sura moja, na malalamiko yangu makubwa ni ya duka kuliko ya kiwanda.

Drili ni nzuri, nimepunguza nyota moja tu. Vilivyobaki sandukuni nusu yake ningevigawa bure, na nyie msingevipokea.

Mimi nafundisha Kiswahili. Nimekulia Bombo, sasa napanga Kireka nyumba ya vyumba viwili, na kabla ya hapo sikuwahi kushika kitu kinachonguruma zaidi ya blenda. Wala sikuwa na hamu ya ufundi, nilichoka kusubiri. Fundi wa mtaani kwetu anadai 30,000 kwa fimbo moja ya pazia. Anakwambia "nakuja saa nne", anatokea kesho yake saa kumi jioni, na akishapanda ngazi anakumbuka kwamba biti ameiacha kwa mteja mwingine. Nina madirisha manne. Piga hesabu mwenyewe.

Dukani niliitwa nyabo, yaani bibi, kwa heshima zote. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akainua macho juu ya bega langu akitafuta mtu nyuma.

"Mzee anataka ya wati ngapi?"

Nikamjibu kwamba mzee yuko Bombo, ana miaka sabini na moja, na anachotaka ni betri za redio. Akacheka, nikacheka, bei ikashuka elfu kumi nyingine.

Kitu cha kwanza kilichonikera ni plagi. Drili imekuja na pini mbili za mviringo, na soketi zetu Uganda ni za matundu matatu ya pembe. Kijana akanipa dawa ambayo nyumba nyingi Kampala zinaijua: chomeka mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu, yale mawili ya chini yatafunguka, kisha sukuma. Nami nimeishi hivyo na chaji za simu miaka nenda miaka rudi. Lakini chaji ya simu ni kitu kidogo. Drili ikikwama ukutani inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na pini ya mviringo inayocheza ndani ya tundu la pembe hutoa cheche na joto. Tena plagi hiyo haina fyuzi.

Nikanunua plagi ya pini tatu kwa 5,000 na kuifunga mwenyewe mezani, nimewasha taa ya simu ingawa ilikuwa mchana. Waya wa kahawia unakwenda kulia, upande wa fyuzi. Wa buluu kushoto. Nikautafuta ule wa kijani na njano, sikuuona, nikajua nimepunjwa. Kumbe ubavuni mwa drili kuna alama ndogo, mraba ndani ya mraba. Maana yake imezungushiwa kinga mbili za kuzuia umeme na haihitaji waya wa ardhini. Plagi ilikuwa na fyuzi ya ampea 13, nikaitoa nikaweka ya 5, maana wati 650 kwa umeme wetu wa volti 240 hazifiki hata ampea 3. Kazi nzima robo saa. Bisibisi ya sandukuni ilimaliza kazi hiyo ncha yake imeshajinyonga.

Kwa wanaoogopa yaka, umeme wetu wa kulipia kabla: ili kumaliza uniti moja, drili hii inabidi ingurume saa moja na nusu bila kupumzika. Tundu moja la ukutani halichukui hata nusu dakika. Pasi ndiyo adui yenu.

Sasa ukuta. Nilitaka kutundika tabaga tatu sebuleni, zile sinia za kusuka za rangi rangi ambazo Wanubi tunafunikia chakula. Mama alizisuka akiwa bado anaona vizuri, na kwangu zilikuwa juu ya kabati zikishika vumbi. Nikapima, nikaweka alama kwa penseli, nikafunga biti ya milimita 6, nikawasha na kusukuma.

Ikaimba. Vumbi jeupe kidogo likadondoka, lile la plasta, halafu basi. Nikasukuma kwa bega. Nikasukuma kwa bega na goti. Harufu ya kuungua, mikono inatetemeka, na tundu lina kina cha ukucha. Nusu saa nzima. Nilishaamini kwamba kazi hii inataka mikono ya mwanamume, nikawa natafuta namba ya yule fundi wa saa nne.

Nilipoilaza drili mezani ndipo nikaona, juu ya mgongo wake, kidude cha kusogeza chenye picha mbili: upande mmoja biti, upande mwingine nyundo. Kilikuwa kwenye biti. Nikakisogeza.

Mlio ukageuka hapo hapo, ukawa mgongano wa haraka kama cherehani iliyokasirika, na biti ikazama kwenye tofali kama mwiko kwenye posho. Sekunde nane labda. Nikakaa kwenye kochi nikaitazama.

Inavyofanya kazi ni hivi: ndani mna visahani viwili vyenye meno. Ukiweka nyundo na kusukuma, meno yanapandana na kuachana, na biti inagonga maelfu ya mara kwa dakika huku ikizunguka. Tofali halikatwi, linapondwa. Bila kugonga, unausugua ukuta tu, na hata angekuwa mbeba mizigo wa Kikuubo angesugua vilevile. Mbao na chuma ndivyo vinavyotaka upande wa biti. Kijitabu cha maelezo kina mchoro wake, mdogo kama punje ya mtama, chini ya picha ya mwanamume mwenye kofia ngumu.

Mapazia yakanifundisha jingine. Juu ya dirisha si tofali tena, ni linta, zege lenye nondo ndani, na fimbo ya pazia huangukia hapo hapo. Madirisha mawili yalikwenda salama ingawa polepole. La tatu, biti ikagota kitu kisichotaka mazungumzo. Badala ya kuacha, nikaongeza nguvu, kwa kiburi cha siku mbili za ufundi. Ncha ikawa nyekundu, na nilipoichomoa, kile kipande kigumu kilichounganishwa mbele ya biti ya ukuta kilikuwa kimeachia na kubaki ndani ya tundu. Biti za sandukuni zimeungwa ovyo. Tatu zimeniishia hivyo. Nikaenda kununua mbili nzuri, ya 6 na ya 8, kwa 18,000 zote, na hadi leo ndizo ninazotumia. Tundu nikalihamisha vidole vitatu, nondo ikapona nami nikapona.

Ikikwama vile, drili yenyewe ndiyo inayotaka kuzunguka. Ule mshikio wa pembeni, ambao nilidhani ni wa urembo, ndio unaokulindia kiwiko. Ufunge, uukaze, uushike. Mshikio mkuu umetengenezwa kwa kiganja kipana kuliko changu na kidole changu kinafikia swichi kwa shida, lakini kwa mikono miwili uzito wake, kilo mbili hivi, si tatizo. Nimebeba watoto wazito kuliko huo kwa saa nyingi zaidi.

Na hili hakuna kijitabu kitakachowaambia wenzangu: mtandio. Nilikuwa juu ya kiti, dirisha la nne, nimeinama kuangalia kama biti imenyooka, ncha ya mtandio ikateleza begani na kugusa mdomo wa drili ukiwa unazunguka. Ilivutwa mara moja tu. Niliachia swichi kabla sijajua nimeachia, na pini ya mtandio ikanikwaruza shingo. Tangu siku ile navaa kofia ya kusuka inayobana, lesu naivua, naweka suruali ya michezo. Zile glavu pana za sandukuni nazo sizivai kwenye drili, kwa sababu ileile. Miwani ya plastiki, 4,000, ndiyo isiyokosekana, maana vumbi la zege likikuingia machoni unalala nalo. Na kabla ya kutoboa, angalia swichi na soketi ziko wapi: waya mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo usitoboe juu yake wala chini yake.

Mwezi wa tano tangu niinunue, drili ikaanza ukaidi. Kile kitufe cha pembeni cha kuifungia iendelee kuwaka kikakwama ndani. Niliachia swichi, haikuzima. Ikabidi nichomoe plagi. Waranti ni miezi sita, risiti ninayo, muhuri upo. Nikairudisha.

Mwenye duka, siyo yule kijana, akaigeuza geuza. "Nani alikuwa anaitumia?"

"Mimi."

"Ahaa." Akanirudishia. "Hii imetumiwa vibaya."

Nikamuuliza vibaya vipi. Akasema mashine hizi zinataka mtu anayezielewa, akahamia kwa mteja mwingine. Nikasimama pale kaunta dakika ishirini nikiwa na risiti mkononi. Wateja wanne walihudumiwa kunipita. Hakuna aliyeifungua, hakuna aliyeijaribu hata kwenye soketi. Kama ningeenda na shemeji yangu, ambaye hajui biti na msumari vinatofautiana vipi, nina uhakika wangeibadilisha. Hiyo nyota niliyoipunguza nimeipunguza hapo, siyo kwenye mashine.

Nikaipeleka Katwe, kwa mafundi wanaosuka mota. Mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya akaifungua kwa skrubu saba, akaninyooshea kidole: swichi, sio mota. Akanisogezea kibao, "Kaa hapa uone, siku nyingine usije." Akanionyesha pia kaboni mbili zinazogusa mota, vipande vyeusi kama makaa ya kuchorea, na jinsi ya kuzikagua kwa kufungua vifuniko viwili vya nje: zikibaki fupi kuliko nusu sentimita, badilisha, maana cheche zikizidi mota inaungua. Swichi mpya na kazi yake, 20,000. Drili haijanisumbua tena.

Kwa hiyo ukiuliza ninunue sanduku? Hapana. Nunua drili peke yake yenye swichi ya nyundo na mshikio wa pembeni, na hela inayobaki weka kwenye biti mbili nzuri, plagi yenye fyuzi na bisibisi isiyojinyonga. Plaizi ya sandukuni inafaa kwa kung'oa misumari na kuvunja njugu. Tepu ilikatika kwenye mita ya pili. Nyundo kichwa chake kiliruka mwezi wa pili, nashukuru kilielekea jikoni. Waulize wauzaji wakuwekee plagi ya pini tatu hapo hapo, wakikwambia habari ya kalamu, cheka kisha sisitiza. Ijaribu dukani pande zote mbili, biti na nyundo, na bonyeza kile kitufe cha kufungia mara kumi.

Wanawake wa hapa kwetu sasa wanakuja kuazima. Jirani wa mlango wa pili amefunga kitasa chake mwenyewe baada ya mwenye nyumba kumzungusha wiki tatu. Dada wa duka la rejareja ametundika rafu tano. Siwaazimi bila kwenda nao mara ya kwanza. Nawaonyesha kile kidude cha nyundo, nawavua mitandio, halafu nakaa kimya. Hilo la kukaa kimya ndilo gumu kuliko zege.

Pimamaji nimeisahau. Kuijaribu ni rahisi: iweke ukutani povu likiwa katikati, chora mstari, igeuze kichwa kwa mkia, rudisha povu katikati, chora tena. Mistari ikipishana, ni mwongo. Hili nimelijua baadaye. Tabaga zangu nilizipanga kwa ile ya sandukuni, povu katikati kabisa, nikajisifu. Mama alipokuja Idi akaketi kwenye kochi mkabala nazo, akazitazama muda mrefu. Nikangoja.

"Hiyo ya tatu," akasema, kichwa amekiinamisha kuifuata, "uliitundika usiku?"