Nyumba ya kupanga Mèze, kusini mwa Ufaransa: maji 10/10, nyumba 6/10

Niliwaahidi mashosti wa Kirumba ntaandika tukirudi, haya someni. Tulienda familia nzima, mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe, mwisho wa mwezi wa nane, wiki mbili, upande wa Languedoc kule Ufaransa inapogusana na bahari ya Mediterania. Wifi anaishi Montpellier ndo alitualika, bila yeye hata makaratasi tusingeyaweza. Visa mtu mzima euro 90, na bima ya safari lazima iwe ya kulipia matibabu mpaka angalau euro 30,000, kwahiyo mjipange mapema hata kabla hamjaanza kuangalia tiketi. Mwanza, Dar, Paris, afu treni ya TGV mpaka Sète kama masaa manne, mama mkwe kalala njia nzima na unga wa ugali kaukumbatia kwenye kirambo.

Wifi alitaka tukae ufukweni kwenye bahari yenyewe, mimi nikagoma. Nilishaona kwenye ramani kuna kitu kinaitwa Étang de Thau, yaani bahari imeingia ndani ikatulia nyuma ya ukanda mrefu wa mchanga, na Mèze ni mji mdogo uko pembeni yake. Nikasema sisi watu wa ziwa twende kwenye ziwa. Na sijutii, kwa kweli. Maji yametulia, ng'ambo unaiona Sète na kilima chake, mama mkwe alivyotoka asubuhi ya kwanza akasema mbona kama niko Kamanga nangoja feri.

Ila tofauti ni moja kubwa. Mwanza mtoto akisogelea maji moyo unadunda, mara kichocho mara mamba, wanangu wamekua wanaliangalia ziwa kama picha ukutani. Kule maji ni ya chumvi, konokono wa kichocho hawaishi humo, afu unatembea unatembea bado yako kiunoni. Wa mwisho alikuwa anaogopa hata beseni, siku ya tatu kumtoa majini ilibidi nimtishie na baba yake.

Sasa chaza. Ukisimama pale Mèze unaona meza zimepangwa mistari mistari majini, mume wangu akasema hivi si vizimba vya sato hivi? Kumbe wanafuga chaza. Bahari ile maji hayajai na kupwa kama Dar, yanabaki pale pale tu, kwahiyo wanawachukua chaza wakiwa wadogo wanawagandisha kwenye kamba mmoja mmoja kwa SARUJI, eti saruji hii hii ya kujengea, afu kamba zinaning'inizwa chini ya meza mpaka wakue. Tulienda kula Bouzigues, kijiji cha jirani, wanakuletea kwenye barafu na limao. Mama mkwe akakamulia limao lake, yule chaza akajikunja. Akaweka chini taratibu akauliza, mwanangu, hiki kina roho? Wifi akakaa kimya. Mama akala mkate na siagi, siku nzima.

Chakula kilichotubeba ni tielle ya Sète, kama sambusa ya duara hivi, ndani pweza na nyanya yenye pilipili kidogo, ukishika mafuta yanakuachia rangi ya chungwa vidoleni. Onyo: mgahawani jiko ni saa sita mpaka saa nane mchana, ukifika nane na nusu umekula njaa mpaka saa moja jioni. Na giza linachelewa, saa mbili na nusu usiku jua ndo linazama, mama alikataa kabisa kula cha usiku mchana kweupe.

Mizabibu iko mpaka karibu na maji, walikuwa wameanza kuvuna. Mvinyo wao ni mweupe unaitwa Picpoul de Pinet, mkali kama ndimu, ndo wanaoshushia chaza. Mimi nilionja, mume wangu mtu wa Dodoma akaanza mihadhara kwamba kwao zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka na hawa mara moja tu, muuzaji hakuamini ikabidi wifi atafsiri mara mbili.

Ila kama mnaenda, nendeni wakati wa sikukuu ya Saint-Louis pale Sète. Mashua mbili zinapigiwa makasia kuja uso kwa uso kwenye mfereji katikati ya mji, nyekundu na ya bluu, kila moja mtu kavaa nyeupe kasimama juu kabisa na ngao na mkuki wa mti, wanasukumana mmoja aangukie majini. Zamani bluu walikuwa makapera na nyekundu waliooa, na wameanza tangu 1666 bandari ilipozinduliwa. Kelele, tarumbeta, kila mtu ana upande wake, yaani Wagika na Wagalu watupu, zile ngoma pinzani za Wasukuma. Mama mkwe alishabikia waliooa mpaka sauti ikakauka.

Nyumba sasa. Vyumba vitatu, safi, jiko zuri, hatua chache na maji. Lakini wakala aliyetupangisha (simtaji) hakutuambia kwamba shuka na taulo hazimo, usiku wa kwanza tumelalia kanga na vitenge vya mama. Neti hakuna, na mbu wapo, wa mchana hao wenye madoa meupe. Feni moja, tulikuwa tunaipigia kura.

Na tulivyorudi Mwanza nikakuta wamekata euro 25 kwenye dhamana, wametuma na picha: sufuria, ndani ina ukoko wa ugali. Nimewajibu iloweke usiku kucha itatoka yenyewe. Hawajajibu.