Ratiba ya Virat Kohli kwa mchezaji wa klabu: anza na sahani, chuma kitafuata

Kinachowavuta watu kwenye ratiba ya mazoezi na mlo ya Virat Kohli, mpigaji wa kriketi wa India, ni zile video za snachi. Chuma kinaondoka sakafuni, kinapanda kikiwa karibu na mapaja, na kufumba na kufumbua kiko juu ya kichwa, mikono imenyooka. Mchezaji wa klabu akiiona leo, kesho yuko jimu anaijaribu, na wiki ya tatu bega linamuuma. Tumeichambua ratiba hii kwa ajili ya mtu anayecheza wikiendi na ana kazi ya kumfunga kutwa nzima. Kwake yeye faida kubwa iko jikoni na kwenye mita 20 za nyasi. Jimu ni ya mwisho katika foleni.

Kohli alibadili mwili wake baada ya msimu wa 2012 wa IPL, ligi ya klabu za kriketi ya India, kwa maelezo yake mwenyewe kwa sababu hakupenda alichokiona kwenye kioo. Vyuma vizito alifundishwa na Shankar Basu, kocha wa viungo wa Royal Challengers Bangalore ambaye kuanzia 2015 hadi 2019 alikuwa pia na timu ya taifa ya India. Nyama aliiacha 2018, alipopata tatizo la shingo katika ziara ya Afrika Kusini na vipimo vikaonyesha asidi ya yuriki imepanda. Mayai hakuyaacha. Mwaka 2021 alieleza wazi kwamba hula mayai, mboga nyingi, dengu, kinwa (nafaka ya quinoa), mchicha na vikombe viwili vya kahawa, vyote kwa kiasi. Kwa hiyo anayekuuzia “mlo wa Kohli” usio na kitu chochote cha mnyama anakuuzia kitu kingine.

Sahani hiyo ndiyo inayostahili alama za juu, na kwa msomaji wa huku ina raha yake. Mwenyewe amesema asilimia 90 ya chakula chake huchemshwa au kupikwa kwa mvuke, kikatiwa chumvi, pilipili manga na limau. Mchuzi wa masala hagusi, ila rajma na lobia kama Mpunjabi hawezi kuziacha. Sasa rajma ni maharage mekundu, na lobia ni kunde. Ongeza mchicha na hiyo ndiyo sahani ya mama lishe yeyote wa Dar es Salaam, ukipunguza mafuta. Kinwa usiihangaikie: ni ghali, na kazi yake ugali wa mtama au uji wa ulezi unaifanya vizuri.

Lakini piga hesabu, maana hapa ndipo wengi wanakwama. Mchezaji wa kilo 75 anayefanya mazoezi makali anahitaji protini gramu 1.6 kwa kila kilo, yaani gramu 120 kwa siku. Mayai matatu yanakupa kama 18, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, cha kunde 13, cha dengu 18, nusu lita ya maziwa 16. Jumla 80. Ugali, wali na chapati za siku nzima huongeza kama 20, na konzi kubwa ya karanga 7. Umefika 107, na hapo umekula jamii ya kunde kuliko watu wengi wanavyoweza kula kwa siku. Anayeacha nyama bila kuziba pengo hilo anaweza kupungua misuli, akidhani amepungua mafuta. Ushauri wetu kwa asiye na sababu ya kiafya ya kuacha: baki na samaki. Kipande cha gramu 150 cha changu au sato kina protini gramu 30 hivi, na hesabu inafunga bila shida.

Jambo la pili ni madini ya chuma. Ya mimea huingia mwilini kwa shida, na limau analokamulia Kohli husaidia kwa sababu ya vitamini C yake. Chai na kahawa hufanya kinyume, kwa hiyo vile vikombe viwili vinywewe saa moja au zaidi kabla au baada ya chakula. Wengi wetu tumezoea chai juu ya maharage, na tabia hiyo inakula faida ya sahani nzima.

Siku ya mechi maharage hayana nafasi asubuhi: gesi itakusumbua ukiwa umeinama kungoja mpira. Kula maharage usiku wa kuamkia mechi. Asubuhi, muda wa saa tatu kabla ya mchezo, kula uji wa ulezi, mayai mawili na ndizi. Uwanjani lenga wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi moja kubwa ina karibu 30. Kinywaji changanya mwenyewe: maji lita moja, sukari vijiko vya chai 10, chumvi robo kijiko, ndimu moja. Ukizidisha sukari kinakaa tumboni na kukuletea kichefuchefu. Jipime uzito kabla na baada ya mechi. Kila kilo iliyopungua inataka lita moja na robo hadi moja na nusu, ikinywewa kidogo kidogo jioni nzima.

Sasa nyasi. Timu ya India imepima pumzi kwa jaribio la yo-yo lililobuniwa na Mdenishi Jens Bangsbo: unakimbia mita 20 kwenda na 20 kurudi kwa kufuata mlio, unapumzika sekunde 10, na mwendo unapanda. Mwaka 2018 kiwango cha kufaulu kilikuwa 16.1 (ngazi ya 16, mzunguko wa kwanza), na mpigaji Ambati Rayudu alikosa safari ya Uingereza kwa kutokifikia. Kohli alitangaza 17.2 mwezi Agosti 2023, miezi michache kabla ya kufunga mikimbio 765 kwenye Kombe la Dunia. Kwa umbali, 16.1 ni mita 1,120 na 17.2 ni mita 1,480. Tofauti yake ni kwenda na kurudi mara tisa, zote kwa mwendo wa kilomita 15.5 kwa saa au zaidi, wakati miguu imeshachoka.

Jaribio hili ni rahisi, linahitaji koni, tepu na spika, na ndiyo maana tunalipenda. Linaharibiwa na vipimo vya hatua za miguu. Ukiweka mita 18.5 badala ya 20, mtu wa 16.1 anakuwa ameibiwa mita 84 na anajiona shujaa. Pima kwa tepu, weka mita 5 nyuma ya mstari kwa ajili ya kupumzika, tumia uwanja uleule kila mara, na usilifanye siku ya kuamkia mechi. Mara moja kila wiki sita inatosha. Kati yake, kimbia sekunde 15 na pumzika 15, mara 12, kisha dakika nne za mapumziko, halafu rudia.

Jifunze pia kugeuka kama Kohli, kwa sababu mikimbio yake mingi ya mbili (kwenda na kurudi) huzaliwa pale. Kutoka mstari hadi mstari ni mita 17.68. Mtazame anapokaribia: analishika gongo kwenye ncha ya mpini kwa mkono mmoja, analitelezesha chini mapema kabla ya mstari, magoti yamekunjwa, kifua kimeelekea upande ulio na mpira. Anayegeuka kwa kuupa mpira mgongo hupoteza nusu hatua na haoni anayerusha. Fanya mikimbio ya mbili mara sita ukiwa umevaa pedi za miguu, sekunde 30 kati ya moja na nyingine, seti tatu. Bila pedi zoezi hili halina maana.

Chuma nacho kina nafasi yake. Snachi hujenga nguvu ya ghafla ya nyonga, ileile inayokutoa kwenye mstari. Ila inadai mabega na vifundo vya miguu vinavyokunjuka vizuri, na bega la mtu anayerusha mpira kutoka mpakani mara nyingi limekaza. Anza na mpini wa jembe kwa wiki nne. Kosa la kawaida ni kuvuta kwa mikono kabla nyonga hazijanyooka. Chuma kinaenda mbele na bega linabeba lawama. Ukiwa tayari, seti tano za marudio mawili, dakika mbili au tatu za kupumzika, na uache mwendo ukianza kupungua. Usipokuwa na kocha wa kukutazama, ruka juu ya boksi na urushe mpira mzito wa kilo 4. Faida kubwa utaipata hapo.

Mrushaji wa kasi asiichukue ratiba hii kama ilivyo. Imejengwa kwa mpigaji, na hakuna mahali inapohesabu mipira. Mgongo wa chini wa mrushaji hupasuka kidogo kidogo kwa kurusha mingi ghafla baada ya mapumziko. Jasprit Bumrah, mrushaji wa kasi mwenye jimu na wataalamu wote wa India, alifanyiwa upasuaji wa mgongo Machi 2023. Andika kwenye daftari kila mpira unaorusha, wa mazoezi na wa mechi. Ukitoka likizoni anza na ova nne (ova moja ni mipira sita), mara tatu kwa wiki, siku zisizofuatana, na ongeza ova moja kila wiki. Ukisikia maumivu upande mmoja wa kiuno unapoinama nyuma, simama siku hiyohiyo na uende ukapigwe picha.