Korosho Dar es Salaam: ipi ununue, ipi uiache

Korosho zinazouzwa mjini hutoka Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani, na zikiwa shambani hazitofautiani sana. Kinachozitenga zikifika Dar ni muda uliopita tangu zibanguliwe, unyevu ulioingia, na moto uliopita juu yake. Tumezipanga kwa ladha unayopata kwa kila shilingi, wala si kwa zinavyopendeza sahanini.

Kabla ya kulipa, onja. Chukua tano kutoka katikati ya mfuko, maana za juu ndizo hupangwa nzuri. Iliyobanguliwa vizuri ina rangi ya pembe ya ndovu au kijivu hafifu. Doa jeusi linalong'aa ni mafuta ya ganda yaliyoigusa wakati wa kubangua. Hayo huwasha midomo na kuacha uchungu. Ukiona vitundu na ungaunga, wadudu wameshaingia. Sasa ivunje kwa vidole. Kavu hukatika kwa mlio. Ikijikunja kwanza ndipo ikatike, imevuta unyevu. Korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, hutakiwa isizidi unyevu wa asilimia 5, na kwa hewa ya pwani mfuko ulioachwa wazi hulainika upesi sana.

Nusa pale ilipovunjika, kisha tafuna polepole mpaka iwe uji. Nzuri huanza na utamu, ikafuata ladha ya maziwa, na koo halikwaruzwi. Iliyochacha ni janja: chumvi huificha mwanzoni, halafu baada ya kumeza inajitokeza nyuma ya ulimi kama mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi. Kwa hiyo anza na zisizo na chumvi. Ukikuta harufu ya ukungu, tema na usinunue mfuko huo hata kwa bei ya kutupa. Penye ukungu panaweza kuwa na sumukuvu, na kuikaanga korosho hakutoshi kuiondoa.

Namba 1: nusu zisizokaangwa, za kupima. Kwa matumizi ya nyumbani hizi hazina mpinzani. Bei yake iko chini kwa sababu tu korosho imepasuka wakati wa kubangua. Mbegu ni ile ile. Wauzaji huziita mbichi, lakini zimeshapita kwenye mvuke au moto kiwandani, kwa hiyo si ghafi. Zitafute kwenye maduka ya Kariakoo yanayopima kwa kilo. Mwombe muuzaji atikise mfuko uone chini: chenga na vumbi vikijaa, unauziwa takataka kwa bei ya nusu. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyopasuka hukutana na hewa, hivyo huchacha mapema kuliko nzima. Nunua za kutosha mwezi mmoja, usilimbikize.

Namba 2: nzima nyeupe, daraja la WW320. Hizi ni za wageni na zawadi. Namba hiyo inataja idadi: kati ya 300 na 320 kwa ratili moja, yaani gramu 454. WW240 ni kubwa zaidi, 220 hadi 240 kwa ratili, na ghali zaidi, ingawa mdomoni hutaona tofauti inayolingana na bei. Usitegemee maandishi ya pakiti. Pima gramu 100 na uhesabu: WW320 zitakuwa kama 66 hadi 70, WW240 kama 49 hadi 53. Ukipata 90, umeuziwa WW450, ambazo ni ndogo zaidi, kwa jina la mwenzake.

Namba 3: nzima zilizobabuka kidogo, SW. Zimepata moto uliozidi kidogo kwenye tanuri la kukaushia, ndiyo maana zina rangi ya kahawia hafifu. Kwa kupikia, au kwa mtu atakayezikaanga mwenyewe, ni biashara nzuri.

Namba 4: pakiti za kiwandani, zilizokaangwa. Unalipia urahisi. Badilisha bei iwe ya kilo kabla hujaamua: pakiti ya gramu 50 kwa shilingi 2,000 ni shilingi 40,000 kwa kilo. Angalia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya kufungashwa. Mavuno ya kusini huanza kuingia sokoni Oktoba, kwa hiyo pakiti ya Septemba mara nyingi ni ya msimu uliopita.

Namba 5: za barabarani na kwenye foleni. Nyingine ni tamu kweli, hasa Barabara ya Kilwa kuelekea Mkuranga, ambako huenda zimekaangwa siku hiyo hiyo. Adui ni jua juu ya mfuko angavu. Nunua asubuhi, na mwombe kaka au dada anayeuza akuonjeshe.

Zilizopakwa pilipili au asali tumeziweka mwisho. Viungo hufunika uzee. Suuza moja kwa maji ya uvuguvugu, uionje, ndipo uamue.

Korosho ghafi zenye ganda usinunue kabisa kwa ajili ya kubangua nyumbani. Mafuta ya ganda huchoma ngozi mpaka ikatoka malengelenge, na moshi wake unawasha macho na kifua.

Kukaanga nusu kilo ni kazi ya muda mfupi. Kwenye oveni weka nyuzi 150, dakika 12 hadi 15 kwa nzima, na upunguze dakika 3 kwa nusu. Geuza kila baada ya dakika 4. Kwenye jiko la mkaa tumia sufuria nzito na moto mdogo, ukoroge bila kuacha. Epua zikiwa bado na rangi hafifu, kwa sababu joto la ndani huendelea kuziivisha. Ukisubiri rangi unayoitaka, zitaungua nje ya jiko. Chumvi kavu haishiki. Yeyusha kijiko kimoja cha chai katika vijiko viwili vya chakula vya maji ya moto, nyunyiza, urudishe motoni dakika 2 hadi 3 zikauke. Zikipoa kabisa ndipo uzifunge kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana. Zikifungwa na joto, mvuke huzilainisha usiku huo huo. Zisizokaangwa ziweke kwenye friji, mbali na samaki na vitunguu, kwa kuwa mafuta ya korosho hunyonya harufu ya jirani.