Uzoefu wangu na IP ya umma ya kudumu kwenye faiba ya nyumbani

Kwa kufikia kamera au seva ya nyumbani ukiwa mbali, IP ya umma ya kudumu, yaani anwani ya intaneti isiyobadilika na inayofikika moja kwa moja kutoka nje, naipa nyota nne. Kwa kuongeza kasi, haistahili hata moja. Nimeitumia kwenye kifurushi cha Mbps 100 na upakuaji ulibaki pale pale, kwa sababu mtoa huduma huweka kikomo cha kasi kwenye akaunti yako. Namba ya IP haihusiki.

Unacholipia hasa ni kutoka nyuma ya CGNAT, ambako wateja wengi hugawana IP moja. Ingia kwenye ruta utazame IP ya upande wa WAN, yaani ule unaoelekea kwa mtoa huduma. Ikianza na namba kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT. Hata ukifungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye ruta, kamera haitafikika kutoka nje. Baada ya kupata IP ya umma, tatizo hilo liliisha kabisa.

Kasi huliwa kwenye njia, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 hivi, kwenda na kurudi. Seva iliyo umbali wa kilomita 500 ikijibu kwa milisekunde 180 huku laini yako haijajaa, shuku kwamba pakiti (vipande vya data) zinazungushwa mbali. BGP, itifaki inayochagua njia kati ya mitandao, haipimi ucheleweshaji. Kwanza hufuata sera za kila mtandao, ambazo mara nyingi ni mikataba ya kibiashara, ndipo huangalia idadi ya mitandao ya kupitia. Ucheleweshaji huo hubana upakuaji pia: muunganisho wa TCP, itifaki ya kawaida ya kusafirisha data, wenye dirisha (kiasi cha data kinachotumwa kabla ya kusubiri uthibitisho) la KB 64 hauwezi kuzidi Mbps 2.6 kwa milisekunde 200. Mifumo ya sasa hupanua dirisha, lakini pakiti zikipotea hulipunguza tena, na njia ndefu huchelewa kupona.

Kipimo cha kasi hakitakuonyesha haya, kwani kwa kawaida huchagua seva ya karibu, pengine ya mtoa huduma mwenyewe. Chomeka kebo, acha Wi-Fi, kisha endesha amri ya tracert kwenye Windows au traceroute kwenye Linux, inayoonyesha kila ruta njiani na milisekunde zake, kuelekea seva inayochelewa, alfajiri na tena saa mbili usiku. Alama za nyota (*) katikati ya matokeo zisikutishe. Ruta nyingi hupuuza maswali hayo. Tafuta mahali milisekunde zinaporuka na kubaki juu hadi mwisho. Jaribu pia VPN, inayopitisha data yako kwenye seva nyingine kwanza: seva ileile ikifunguka haraka zaidi ukiwa nayo, basi huenda njia ya kawaida ndiyo mbovu.

Matokeo hayo yatume kwa huduma kwa wateja pamoja na saa, IP yako na ya seva, na uombe yafike kwa wahandisi wa mtandao. Ukiweza, ambatisha kipimo kilichofanywa kutoka upande wa seva, maana njia ya kurudi mara nyingi si ile ya kwenda.