Nyota mbili, na moja ni ya rubani
Jamani tiketi ya ndege ilikuwa chee mpaka nikashangaa, kumbe nimenunua kiti tu, begi lina hela yake, kuchagua kiti kuna hela yake, yaani nikabaki najiuliza kama na kupumua kunalipiwa. Kwenye ukaguzi wakanichukulia losheni, imebaki kidogo tu chini, ila chupa imeandikwa mililita 150 na mwisho wa chupa ya kuingia nayo ndegeni ni 100, wao wanaangalia chupa sio kilichomo (hii sheria ipo tangu 2006 na bado naisahau kila safari). Getini begi likazidi uzito, dada akasema punguza, nikavaa majaketi mawili na suruali juu ya suruali, likapita! Uzito ni uleule, tumepanda nao wote ndegeni, lakini mizani imeridhika. Kiti hakilali, magoti yangu yamemkanda mgongo jamaa wa mbele bure kabisa. Chakula hakina ladha, sawa, kule juu hewa kavu inaua ladha, ila ule mkate hata chini ungenishinda. Kutua tu, ndege haijasimama, watu wote wima, shingo zimepinda chini ya makabati, dakika 20 mlango haujafunguliwa. Ila rubani alitua laini, nyota yake nampa.